SOMO LA KIKUNDI: Mtoto Wetu Akihamia Ng'ambo na Kuambiwa "Sasa Wewe ni Kontrakta"



Swali la somo hili limetoka kwa akina mama wa kikundi kimoja cha hapa Burnt Forest. Binti wa mwanachama wao ameajiriwa Eldoret mjini, kazi ya kuweka hesabu kwa kompyuta. Mume wake amepata karatasi za kuishi Marekani, na binti anamfuata. Mwajiri hataki kumpoteza. Amemwambia hivi: "Nenda tu, kazi utaifanyia huko huko. Lakini kuanzia mwezi ujao wewe si mwajiriwa tena, wewe ni kontrakta. Mshahara ulikuwa 40,000, sasa nitakulipa 45,000. Kila mwisho wa mwezi utaniletea ankara." Binti akapiga simu nyumbani: "Mama, nimeongezwa elfu tano!" Mama akafurahi, na kikundi kikafurahi naye. Kisha mzee mmoja akauliza, kwani mwajiri gani huongeza mtu pesa siku anayoondoka?

Huyo mzee aliuliza vizuri. Hebu tulichukue swali lake polepole, maana linahusu pia wale walio nyumbani. Kuna mkopo uliochukuliwa kwa nguvu ya ule mshahara, na kuna watu waliotia sahihi ya udhamini.

Mwajiriwa ni nani, kontrakta ni nani?

Tusiende mbali. Tuangalie shamba. Una kijana anayekukamulia ng'ombe. Anakuja saa unayotaka wewe. Ng'ombe ni wako, ndoo ni yako, dawa ya kuogesha ni yako. Bei ya maziwa ikianguka, mshahara wake haushuki. Akitaka kwenda kwao, anakuomba ruhusa. Huyo ni mwajiriwa.

Sasa mwite mwenye trekta akulimie. Mnapatana kwa ekari. Dizeli ni yake, na diski ikivunjika kwenye jiwe ni hasara yake. Akitaka, atamtuma ndugu yake alete trekta, bora shamba lilimwe. Akimaliza anahamia kwa jirani, na wewe huna habari naye. Hawezi kukuomba likizo. Huyo ndiye kontrakta. Katika sheria ya Kenya yule wa kwanza ana mkataba wa kuajiriwa, na huyu wa pili ana mkataba wa kutoa huduma.

Wote wawili wanafanya kazi halali. Mwenye trekta anaweza hata kuwa tajiri kuliko wewe uliyemwita. Lakini angalia bei yake ya ekari: ndani yake ameweka dizeli, amevunja-vunja gharama ya diski, ameweka siku za mvua ambazo trekta italala bure. Hakutaja bei kwa kufuata mshahara wa mkamuaji na kuongeza kidogo. Hapo ndipo binti yetu alipokosa, na watoto wetu wengi hukosa hapo hapo.

Vile ambavyo havionekani kwenye hati ya mshahara

Mtu akitazama pesilipu yake huona makato tu, na anaumia. Haoni yale ambayo mwajiri anamwekea. Chini ya Sheria ya NSSF ya 2013, mfanyakazi anakatwa asilimia 6 ya mshahara mpaka kiwango cha juu kilichowekwa, na mwajiri anaongeza asilimia 6 kutoka mfukoni mwake. Kwa mshahara wa 40,000 hiyo ni shilingi 2,400 kila upande. Ushuru wa nyumba wa 2024 ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri, yaani 600. Ongeza shilingi 50 za NITA. Basi yule binti wa 40,000 anamgharimu mwajiri 43,050 kila mwezi.

Halafu kuna likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa siku 21 za kazi kila mwaka, mshahara ukiendelea. Tukihesabu mwezi kuwa siku 26 za kazi, siku yake moja ni kama shilingi 1,538, na siku 21 ni kama 32,300. Hiyo ni pesa analipwa akiwa amekaa nyumbani, na amekuwa akiipokea kila mwaka bila kuiona.

Tufanye hesabu ya mwaka. Alipokuwa mwajiriwa, mwajiri alitoa 43,050 mara 12, jumla 516,600, na likizo ilikuwa humo. Akiwa kontrakta wa 45,000, akipumzika zile siku 21 halipwi. Siku yake sasa ni kama 1,731, kwa hiyo anapoteza kama 36,300 kutoka kwa 540,000. Anabaki na karibu 503,700.

Mnaona? Mwajiri "aliyeongeza" elfu tano anatoa pesa chache kuliko zamani, pungufu ya kama 13,000 kwa mwaka. Sisemi ni mtu mbaya. Pengine hata yeye hakukaa chini na kalamu. Lakini jibu la swali la mzee ni hilo.

Na bado hatujataja mambo mengine ya sheria hiyo. Mwajiriwa akiugua ana angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kila mwaka, akiwa na barua ya daktari na ametimiza muda unaotakiwa. Mama akijifungua ana miezi 3 ya mshahara kamili. Anayelipwa kwa mwezi hawezi kuachishwa hivi hivi bila notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Kontrakta hana hata moja ya hizo, isipokuwa ziandikwe kwenye mkataba wake. Akiumwa wiki mbili, ankara yake inapungua wiki mbili.

Huku kwetu tunawajua makontrakta wa aina hii hata kama hatuwaiti hivyo. Wanariadha wetu! Kijana anashinda mbio ng'ambo, watu wanaona pesa ya zawadi. Hawaoni kwamba meneja ana asilimia yake, kodi inakatwa kule kule, na mguu ukiuma miezi sita hakuna wa kumlipa mshahara. Wale waliofaulu ni wale waliohesabu hiyo miezi sita mapema, wakanunua ng'ombe au wakajenga nyumba za kupangisha kabla mguu haujauma.

Akivuka mpaka, kuna mkono wa pili wa kodi

Jambo la kwanza ni ruhusa. Si kila viza inamruhusu mtu kufanya kazi, na kukaa kwenye nyumba ya Marekani ukifanya kazi ya ofisi ya Eldoret bado ni kazi uliyoifanya Marekani. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile inayoitwa grini kadi, hana shida. Lakini mke au mume aliyemfuata mwanafunzi kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi. Uingereza nako, mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na ukontrakta ni kujiajiri. Mtoto asije akapoteza viza kwa sababu ya ankara ya shilingi 45,000.

Pili, kodi ya huku. Kampuni ya Kenya ikimlipa mtu kwa huduma za kitaalamu, kwa kawaida inatakiwa kukata kodi ya zuio kabla ya kumpa pesa: asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya, na asilimia 20 kwa asiye mkaazi. Sheria inaangalia kama mtu ana makao ya kudumu hapa na amekaa siku ngapi. Kwa hiyo binti anaweza kushangaa siku moja kuona 36,000 mahali pa 45,000. Swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi ni hili: hiyo 45,000 ni kabla ya makato au baada? Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Tatu, kodi ya kule. Marekani mtu aliyejiajiri hulipa kodi yake ya mapato, na juu yake kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3. Hii ndiyo pesa ya uzeeni na matibabu ya wazee, asilimia 12.4 na asilimia 2.9. Mwajiriwa wa kule hulipa nusu yake tu, na nusu nyingine hulipwa na mwajiri. Kontrakta analipa nusu zote mbili, kama mtu anayebeba gunia la viazi bila wa kumshika upande wa pili. Inahesabiwa kwa asilimia 92.35 ya faida, na inaanza pale faida ya mwaka inapofika dola 400. Kwa ile 503,700 ya binti, ni kama shilingi 71,000 kwa mwaka, hata kabla ya kodi ya mapato. Tena hakuna wa kumkatia kidogo kidogo. Anatakiwa kupeleka mwenyewe mara nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, na 15 Januari inayofuata. Wengi wa watu wetu huipata habari hii mwaka wa pili, deni likiwa limeshaota riba.

Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili. Kenya inao na Uingereza, Kanada na Ujerumani, kati ya nchi nyingine. Vilevile Kenya na Marekani hazina mapatano ya kuunganisha miaka ya akiba ya uzeeni, kwa hiyo miaka ya NSSF haihesabiwi kule. Kule mtu anahitaji alama 40, kama miaka 10 ya kazi iliyolipiwa, ndipo apate pensheni yao. Mtu aliyeondoka na miaka 45 na kukaa bila kulipa ajue anajipunguzia nini. Huku nyumbani anaweza kuendelea kuweka NSSF kwa hiari yake, na nadhani afanye hivyo, hata kama ni kidogo.

Jina kwenye karatasi halimalizi maneno

Tuseme mwajiri amemwita kontrakta, lakini bado anamtaka awe kwenye kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi ya Eldoret. Kule New York hiyo ni saa sita au saa saba ya usiku, kufuatana na majira. Haruhusiwi kufanyia mtu mwingine kazi. Hawezi kutuma mtu badala yake. Akitaka kwenda mazishini anaomba ruhusa. Huyo ni mkamuaji wetu wa ng'ombe, amevalishwa tu koti la mwenye trekta.

Mahakama nyingi haziangalii koti. Hapa Kenya, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hutazama jinsi kazi inavyofanyika kweli: nani anaamuru, nani ana vifaa, nani anabeba hasara. Uingereza, tarehe 19 Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki ya likizo na kima cha chini cha mshahara, ingawa karatasi ziliwaita watu waliojiajiri. Marekani mtu anaweza kujaza fomu SS-8 na kuomba mamlaka ya kodi iamue yeye ni nani.

Hili la Marekani liwafikie hasa watoto wetu walioko kwenye kazi za kutunza wazee, na madereva wa matrela. Mtunzaji wa wazee akiletewa fomu 1099 badala ya W-2, maana yake amehesabiwa kuwa kontrakta. Akiumia mgongo kwa kumwinua mgonjwa, kwa kawaida bima ya ajali za kazini haimhusu. Saa yake moja inaweza kulipwa dola mbili tatu zaidi, na hizo dola ndizo zimenunua mgongo wake.

Kwa trela hadithi ni ile ya bodaboda. Kijana wa bodaboda anayepelekea mwenye pikipiki pesa kila jioni, mafuta yake, tairi yake, polisi wake, tunaelewa maisha yake. Sasa fikiria hivyo hivyo kwa lori kubwa. Kampuni inamkodishia lori kwa ahadi kwamba siku moja litakuwa lake, inakata kodi ya lori kila wiki, dizeli na bima na matengenezo ni juu yake, na kampuni hiyo hiyo ndiyo inayompa mizigo. Mizigo ikipungua, kodi ya lori haipungui. Wako waliofaulu na wana malori yao kabisa. Lakini kijana wetu akisema "nimekuwa mwenye lori", familia imuulize kwa upole: lori limeandikwa jina la nani?

Kabla ya kutoka kwenye ajira, afunge mlango vizuri

Hapa ndipo naona haki nyingi zikipotea, kwa sababu mtu ana tiketi mkononi na akili yake iko uwanja wa ndege.

Binti asiandike barua ya kujiuzulu kwa haraka ati kwa sababu ameambiwa ni utaratibu. Kama ni yeye anayeondoka kwa hiari, sawa, anajiuzulu na anatoa notisi. Lakini kama ni kampuni inayoondoa nafasi ya kazi ili iigeuze kuwa ya kontrakta, hiyo yaweza kuwa kupunguzwa kazi, na sheria inadai notisi ya mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliomaliza. Mtu wa miaka 8 kazini hapo ana siku 120 za mshahara. Barua moja ya kujiuzulu inaweza kuzifuta.

Siku za likizo ambazo hajaenda zilipwe. Kila mwezi uliokamilika una siku 1.75. Aombe cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake. Achukue taarifa yake ya NSSF aone kama makato yalifika kweli, maana kukatwa ni jambo moja na kupelekwa ni jingine. Mkataba mpya wa ukontrakta uwe karatasi mbali, baada ya ule wa zamani kufungwa, na usiwe na mstari unaosema "sina dai lolote" kama madai bado yapo. Dai la ajira kwa kawaida lifikishwe mahakamani ndani ya miaka 3. Afisa wa leba yuko Eldoret, na kumuuliza ni bure.

Na sisi wadhamini je?

Binti ana mkopo wa SACCO. Marejesho yalikuwa yanakatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Siku ajira ikiisha, hayo makato yanaisha. Yeye bado ana nia njema, bado ni binti yetu, lakini bomba limekatwa. SACCO haitamfuata New York. Itatazama akiba yake, kisha itawatazama wadhamini, na wadhamini wako Burnt Forest na nambari zao za simu zinajulikana.

Kwa hiyo mdhamini si mtu wa kupewa habari kwa simu kutoka uwanja wa ndege. Ana haki ya kuambiwa mapema, aone taarifa ya mkopo, ajue umebaki kiasi gani, akiba ni kiasi gani, na malipo yatatoka wapi kila mwezi. Agizo la benki la kulipa moja kwa moja liandikwe kabla ya safari. Yale malipo ya likizo na ya kupunguzwa kazi, kama yapo, yanaweza kuingia kwenye mkopo kwanza kabla ya kununuliwa masanduku. Vikundi vingine huona aibu kuuliza maswali haya, vinaogopa kuonekana vinamwonea wivu anayeondoka. Mimi naona aibu kubwa ni ile ya baadaye, mama mzee akiuziwa ng'ombe kwa deni asilolila.

Tena kuna watoto. Kama binti anawaacha wadogo kwa nyanya yao kwa muda, wamo kwenye bima ya afya kupitia yeye. Tangu 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka na SHA ikaingia. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Ajira ikiisha, hakuna anayekata. Lazima ajiandikishe kama mtu asiye na ajira rasmi, apimwe mapato, na mchango wake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ulipwe kwa mwaka mzima mbele. Hili lifanywe kabla hajaondoka, kwa simu yake mwenyewe, sio nyanya aje agundue hospitalini usiku.

Sasa akirudi kwa mwajiri, aseme nini? Asikatae. Hii kazi inaweza kumshika mkono miezi ya kwanza ya ugeni, na wengi wangeitamani. Aketi na kalamu kama mwenye trekta: mshahara, NSSF ya pande zote, likizo, siku za ugonjwa, bima ya afya ya kule ambayo ni ghali sana, kodi ya kujiajiri, kodi ya zuio, gharama ya kutuma pesa. Ataona kwamba 45,000 haifiki. Bei yake yaweza kuwa 60,000 au zaidi, na mwajiri atasema yake, watapatana. Kama mwajiri hawezi kupanda, basi kazi ipungue: asilimia fulani ya masaa, uhuru wa kuchagua saa, uhuru wa kupata wateja wengine. Kontrakta mwenye mteja mmoja tu ana bosi asiyempa likizo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani amemdhamini mtu aliye kazini mbali au aliye karibu kusafiri? Mara ya mwisho kuona taarifa ya mkopo huo ilikuwa lini?

2. Chukueni mshahara wa 30,000. Mwajiri anaongeza kiasi gani juu yake kwa NSSF, ushuru wa nyumba na NITA? Siku 21 za likizo zina thamani gani? Mtu huyo akiwa kontrakta, mngemshauri aanzie bei gani?

3. Fikirieni watu wanne wa hapa kwetu: mkamuaji, mwenye trekta, kijana wa bodaboda isiyo yake, na mama anayepanga viazi sokoni kwa kulipwa kwa gunia. Nani ni mwajiriwa, nani ni kontrakta, na nani amevalishwa koti lisilo lake?

4. Kuna mtoto wa kikundi anayejiandaa kuondoka mwaka huu? Nani atakaa naye na kalamu, na ni siku gani?